Tujifunze kwa Lindi na Mtwara

Yako maneno ambayo mtumishi wa Serikali au mwalimu anayepangiwa kituo cha kazi kusini kwa mara ya kwanza huyasikia kabla hajafunga mizigo yake. Huambiwa kwamba watu wa Lindi na Mtwara ni wazito wa kupokea mabadiliko. Kwamba ukiwaletea jambo jipya watalitazama kwa mbali. Na kwamba maendeleo ya huko hayaendi bila kusukumwa. Maneno haya yamesemwa kwa muda mrefu hata yamekuwa kama elimu. Mtumishi hufika kituoni akiwa amekwisha kuyaamini, na kila analoliona baada ya hapo hulipima kwa kipimo hicho.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba maneno hayo si ya haki, na kwamba yanaligharimu taifa. Mikoa hii miwili, ambayo ilikuwa mkoa mmoja hadi mwaka 1971, imepitia mabadiliko mazito ya siasa, ya uchumi na ya maisha ya jamii katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja. Katika kila badiliko wananchi wake walijifunza jambo, na jambo hilo wakalitumia badiliko jingine lilipofika. Tunachokiita uzito ni hesabu ya mtu aliyekwisha kulipa gharama za ahadi za wengine. Mwenye kutaka kufanya kazi njema kusini hana budi kuijua hesabu hiyo.

RELI ILIYONG'OLEWA

Tuanze na karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ambayo ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Sehemu tatu zilichaguliwa, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, na kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli kutoka pwani pamoja na bandari ya kina kirefu pale Mtwara. Mji wa Lindi, uliokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, ulipoteza heshima hiyo kwa Mtwara katika miaka ya 1950.

Lakini wakati huo mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36. Waliopanga hawakuijua mvua ya mahali walipokwenda kulima, wala hawakuujua udongo wake, na wale waliokuwa wakilima pale tangu zamani hawakuulizwa. Reli ikakosa mzigo wa kuitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa.

Kijana aliyeajiriwa kubeba mataruma wakati reli inajengwa aliishuhudia ikiondolewa kabla hajafikia uzee. Kwa hiyo mtaalamu anayefika kijijini leo na ramani ya mradi mkubwa, kisha akashangaa kwamba wazee wanaitazama bila kupiga makofi, akumbuke kwamba wazee hao au baba zao walikwisha kuonyeshwa ramani nyingine.

MIAKA YA VITA

Badiliko la pili lilikuwa la siasa. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na mwezi Septemba 1964 vita vya kuikomboa Msumbiji vilianza. Toka siku hiyo hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, mto Ruvuma ulikuwa mpaka wa vita. Wakimbizi kwa maelfu walivuka kuja Mtwara na Lindi, na wengi wao wakapewa makazi Rutamba. Nachingwea, ile ile ya karanga, ikawa kambi kubwa ya mafunzo ya wapigania uhuru, na vijiji vya kando ya Ruvuma viliishi katika hatari ya mabomu ya Wareno.

Wananchi wa huko walilipokea jukumu hilo bila kulalamika. Wamakonde, Wayao na Wamakua wako pande zote mbili za mto, na aliyevuka alikuwa ndugu kabla ya kuitwa mkimbizi. Lakini hapana budi tuseme pia gharama yake. Mikoa iliyokuwa mstari wa mbele haikuwa mahali ambapo watu wangekimbilia kujenga viwanda, na barabara yake ya kwenda Dar es Salaam iliendelea kukatika kila masika penye mto Rufiji. Daraja la Rufiji, linaloitwa kwa jina la Rais Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003. Hesabu ya miaka kati ya uhuru wa nchi yetu na daraja hilo ni 42. Katika muda huo wote mkulima wa kusini aliuza mazao yake akiwa nyuma ya mto usio na daraja, na bei aliyoipata ilikuwa bei ya mtu asiye na njia nyingine.

KOROSHO

Jambo lililowafunza watu wa kusini kuliko yote ni korosho. Mkorosho si mhindi. Ukipandwa hukaa mahali pake kwa miaka mingi, hutaka palizi kila mwaka, na humfunga mwenye shamba na ardhi ile ile. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka mikoa ya kusini. Tulikuwa miongoni mwa wakulima wakuu wa zao hilo duniani.

Mwezi Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Shabaha ya vijiji ilikuwa njema, maana huwezi kumpelekea maji, shule na zahanati mtu anayeishi peke yake porini. Shule nyingi ambazo wasomaji wa ukurasa huu wamefundisha au kusomea zilitokana na vijiji hivyo. Lakini mkorosho haukuhama. Mkulima aliyesogezwa mbali na shamba lake alilazimika kutembea mwendo mrefu kwenda kupalilia, na wengi waliacha. Magugu yakaota, moto wa kiangazi ukaingia, na miti ikaungua.

Mambo mengine yakaongezeka juu ya hilo. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na mkulima akabaki na mnunuzi mmoja ambaye ni mamlaka ya zao, aliyelipa kidogo na kwa kuchelewa. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, unaokausha maua ya mkorosho kabla hayajawa tunda. Ifikapo msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Wakati huo huo nchi ilikuwa imekopa fedha na kujenga viwanda 12 vya kubangua korosho. Viwanda vikawa tayari korosho zikiwa zimekwisha. Vingi vilikaa kimya, na baadaye vingine vikageuzwa maghala.

Ndugu msomaji, hapa ndipo linapojibiwa swali la uzito wa watu wa kusini. Mkulima ambaye shamba lake lilikuwa mbali, bei yake ilikuwa ndogo, malipo yake yalichelewa na mti wake ulikuwa mgonjwa, akaamua kulima muhogo wa kulisha watoto wake, amekosea wapi? Taarifa nyingi za ofisini za miaka ile zilimwita mvivu. Lakini watafiti wa Naliendele walipopata namna ya kuzuia ubwiriunga kwa unga wa salfa, na biashara ya zao ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei ikapanda, mkulima yule yule alirudi shambani, akafyeka magugu, akanunua salfa kwa fedha yake na kupuliza. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Watu hawakubadilika tabia. Kilichobadilika ni masharti waliyowekewa.

MAJIRANI WAWILI, NJIA MBILI

Ni vyema kutazama pia jinsi mikoa hii miwili ilivyoachana njia, maana wengi huitaja kwa pumzi moja kama kwamba ni kitu kimoja.

Mtwara, hasa nyanda za juu za Wamakonde huko Newala na Tandahimba, ina watu wengi katika ardhi ndogo. Watu wake walishikilia mkorosho, wakauhudumia vizuri, na maisha yao yakapanda na kushuka pamoja na bei yake. Nyumba za bati na matofali zilizojengwa katika misimu mizuri zinaonekana hadi leo. Lindi ina eneo kubwa zaidi na watu wachache. Wakulima wake wa Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Kilwa, pamoja na kulima korosho, waliingia katika ufuta, na wengine katika mbaazi. Ufuta huvunwa kwa msimu mmoja, wala haumfungi mtu kwa miaka 30. Bei ikianguka, mwakani unaweza kupanda kingine.

Kila njia ina faida na hatari yake. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi kutoka nje, bei ya mbaazi ilianguka vibaya sana, na waliokuwa na zao jingine ndio waliovuka mwaka ule bila kukopa chakula. Mwaka 2018 ikawa zamu ya korosho. Wanunuzi walitoa bei ndogo, na mwezi Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi Jeshi kazi ya kuzisomba. Bei hiyo ilimtetea mkulima, lakini uhakiki ulichukua muda mrefu na wengi walisubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata. Mkulima asiye na zao la pili huwa hana la kufanya katika miezi kama hiyo ila kumwuzia mnunuzi wa kangomba kwa bei ya njaa. Kwa hiyo inafaa Mtwara ijifunze kwa jirani yake kuwa na mazao zaidi ya moja, na Lindi ijifunze kwa Mtwara utunzaji wa zao la kudumu. Maofisa kilimo wa mikoa hiyo wakitembeleana mara kwa mara, gharama yake haitazidi gharama ya semina moja ya mjini.

Iko njia ya tatu, ambayo haikutangazwa na ofisi yoyote. Uchumi wa kusini ulipoanguka, vijana walikwenda Dar es Salaam na kuanza biashara ndogo ndogo za mkononi katika mitaa ya Kariakoo. Walikuwa wengi kiasi kwamba jina la kabila moja la Lindi, Wamachinga, likageuka kuwa jina la kila mfanyabiashara mdogo wa barabarani nchini kote, awe wa Mwanza au Mbeya. Watu wanaosemwa kuwa ni wazito ndio walioipa nchi jina la watu wasiotulia.

Hata katika mila badiliko limepita. Katika makabila mengi ya kusini ukoo hufuata upande wa mama, na mali ya mtu ilimwendea mpwa wake. Mkorosho ulileta swali jipya: mti uliopandwa na baba na kupaliliwa na watoto wake, urithiwe na nani? Familia nyingi zilijadiliana na kupata suluhu zao wenyewe kwa kuwagawia watoto miti baba angali hai. Vivyo hivyo katika vijiji vingi sherehe za jando na unyago zimesogezwa wakati wa likizo za shule. Mahali ambapo jambo hilo limefanikiwa, mwalimu mkuu alikaa na wazee na kuzungumza nao. Mahali ambapo mwalimu alianza kwa kuwashutumu, hadi leo madarasa hubaki nusu tupu msimu wa ngoma unapofika.

GESI NA MWAKA 2013

Badiliko la karibuni ni gesi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na katika Ghuba ya Mnazi huko Mtwara mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Ilipotangazwa kwamba gesi ya Mtwara nayo itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, wananchi wa Mtwara waliandamana mwezi Desemba 2012. Mwezi Januari 2013 kukatokea ghasia, na tarehe 22 Mei 2013, siku ya kusomwa bajeti ya nishati, mji wa Mtwara uliingia katika machafuko makubwa. Watu walipoteza maisha, ofisi na nyumba zikachomwa. Mwezi Aprili mwaka huo huo, huko Liwale mkoani Lindi, wakulima waliokasirishwa na malipo pungufu ya korosho walichoma nyumba za viongozi.

Kuchoma mali na kuumiza watu ni kosa, na hakuna hoja inayoweza kulihalalisha. Lakini mtumishi mwenye busara hawezi kuishia hapo. Gesi ni mali ya taifa zima, kama vile dhahabu ya Geita na maji ya Rufiji, na hoja hiyo ni ya kweli. Kasoro ni kwamba hoja hiyo haikuelezwa vijijini mapema, kwa lugha ya kueleweka, na kwa watu waliokuwa na haki ya kuuliza. Kwa mtu wa Mtwara, bomba lile lilikuwa reli ya pili, yaani kitu kinachokuja kuchukua na kuondoka. Vivyo hivyo Liwale. Utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08, ulikuwa mzuri kuliko kangomba, kwa kuwa uliuza korosho kwa mnada na kumrudishia mkulima nguvu ya bei. Lakini mkulima alipewa malipo ya kwanza, akaambiwa asubiri ya pili, na ya pili ilipokuja pungufu hakuna aliyemwonyesha hesabu ya makato.

Bomba lilikamilika mwaka 2015. Mwaka huo huo kiwanda kikubwa cha saruji kilianza kazi Mtwara, na baadaye bandari yake ikaongezewa gati jipya la meta 300. Haya ni maendeleo ya kweli. Lakini mpakani hali si tulivu kama zamani: tangu Oktoba 2017 kuna uasi katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, na mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha ndugu wa pande mbili linahitaji sasa mipaka inayolindwa na wananchi wanaoiamini Serikali yao. Imani hiyo ndiyo ulinzi wa kwanza, na hujengwa kwa mambo madogo ya kila siku.

KAZI YETU

Mambo hayo madogo yako mikononi mwa wasomaji wa ukurasa huu. La kwanza ni maelezo. Ofisa anayepeleka mradi kijijini aeleze kabla ya kupima ardhi, aeleze pia hasara, na aseme wazi lile ambalo bado halijaamuliwa. Mwananchi anavumilia jibu la kwamba uamuzi haujafikiwa kuliko ahadi inayogeuka.

La pili ni hesabu. Kila chama cha msingi kibandike ukutani kilo zilizopokelewa, bei ya mnada, makato yote kwa majina yake, na tarehe ya malipo. Ofisa ushirika asiyehakikisha hivyo asishangae siku ya vurugu. Shilingi iliyokatwa ikielezwa huleta ubishi wa siku moja. Isipoelezwa huleta chuki ya miaka.

La tatu ni la walimu. Mtoto wa Nachingwea anaweza kumaliza shule akijua habari za viwanda vya Uingereza vya karne ya 18 bila kujua kwamba reli ilipita karibu na kijiji chao, ilijengwa kwa nini na iling'olewa kwa nini. Mwalimu awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize habari za karanga, za kambi, za kuhamia vijijini na za mikorosho iliyoungua. Watarudi na somo la historia, la jiografia na la uchumi kwa wakati mmoja. Naye mwalimu mgeni atajifunza mahali alipo.

Mtihani mwingine uko mbele yetu. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika ulipangiwa Likong'o, karibu na mji wa Lindi. Mazungumzo yake yamechukua zaidi ya miaka 10, na wananchi ambao ardhi yao ilitwaliwa walisubiri kwa miaka kadhaa kabla ya kulipwa fidia mwaka 2020. Katika kungoja huko walijizuia kupanda miti na kujenga nyumba, huku watoto wao wakikua. Watu hao hawakuandamana wala hawakuchoma kitu. Tusiuhesabu utulivu wao kuwa ni ridhaa, na tusingoje ufike siku ya kwisha ndipo twende kuzungumza nao. Wakuu wa idara, maofisa tarafa na watendaji wa kata wa Lindi wanaweza kuitisha mikutano hiyo mwezi huu, wakiwa na wanayoyajua na wasiyoyajua, na kuandika maswali yote yatakayoulizwa.